Kosa Si la Uso

Umezoeleka katika miji yetu usemi kwamba kamera haisemi uongo. Upo na usemi wa pili, unaotembea nao bega kwa bega, kwamba mtu mweusi hatoki vizuri pichani. Msomaji kijana, nataka uyakatae maneno haya yote mawili. La kwanza ni upungufu wa elimu. La pili ni dhuluma, na dhuluma hiyo huzaliwa na upungufu ule.

Tazama kwanza jinsi kamera ipimavyo nuru. Ndani yake mna kipimo kipokeacho nuru inayorudishwa na vitu vilivyo mbele yake. Kipimo hicho hakijui kanzu, wala ukuta, wala shavu la mzee. Kimefundishwa jambo moja: kwamba ulimwengu, ukichanganywa weupe wake na weusi wake, ni wa kijivu cha wastani, kirudishacho nuru kiasi cha asilimia 18. Basi kila kilicho mbele yake hukivuta kifikie kijivu hicho. Shuka jeupe likijaza picha, hutoka na rangi ya majivu. Uso mweusi ukijaza picha, huchujuka. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta wa chokaa, kipimo huutii ukuta, hupunguza nuru, na uso hugeuka kivuli kisicho macho. Je, hapo mkosa ni uso?

Nenda Kariokor, Nairobi, saa sita ya mchana. Sokoni wauza vyondo na viatu vya ngozi hukaa kivulini, na nyuma yao njia inawaka kwa jua la utosini. Mpiga picha akimwelekezea muuzaji kamera na kukiachia kipimo hukumu yote, njia itapata haki yake kamili, na mwenye kibanda atapotea. Chombo kimepima, lakini mwenye chombo hakufikiri.

Watu watasema kwamba haya ni ya kamera duni, na kwamba kamera za mafundi zina akili. Sivyo. Mwaka 1991 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ya dijitali iliyokusudiwa wapiga picha wa magazeti, iliyoitwa DCS 100, kwa bei ya dola zipatazo 20,000. Mwili wake ulikuwa wa Nikon F3, kamera ya filamu ya mwaka 1980, na kipimo chake kilikuwa kile kile cha zamani: asilimia 80 ya hukumu ilitoka katika duara dogo la katikati. Mwaka 1999 ikaja Nikon D1, iliyoigawa picha katika vipande 1,005 na kupambanua rangi zake. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Walakini, hata hiyo ilikisia tu. Haikujua nani amesimama mbele yake.

Tena kamera hizo za mwanzo zilikuwa na kasoro nyingine. Filamu ya negativu huvumilia nuru ikizidi. Lakini katika dijitali, nuru ilipozidi mahali palibaki peupe kabisa, na kilichopotea pale hakikurudishwa kwa dawa yoyote. Kwa hiyo mafundi walizoea kupunguza nuru ili wayaokoe mawingu na mashati meupe. Gharama ya wokovu huo ililipwa na nani? Ililipwa na nyuso nyeusi, zilizosukumwa gizani. Na mtu alipojaribu kuzing'arisha baadaye, zilitoka na chembechembe kama zilizonyunyiziwa mchanga.

Wako watakaojibu kwamba hiyo ni tabia ya maumbile, kwa kuwa ngozi nyeusi hurudisha nuru kidogo. Ni kweli kwamba hurudisha kidogo. Si kweli kwamba haipimiki. Kodak yenyewe kwa miaka mingi ilisawazisha rangi za picha kwa kadi zilizokuwa na sura ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley. Aliyechagua kadi ile ni mtu, si maumbile. Na lililochaguliwa na mtu laweza kubadilishwa na mtu.

Dawa ipo, nayo ni ya tangu zamani. Kipimo cha mkononi hushikwa karibu na uso na kuelekezwa kwenye kamera. Hupima nuru inayomwangukia mtu, si ile anayoirudisha. Mbele ya kipimo hicho mweusi na mweupe ni sawa, kwa kuwa jua huwaangukia sawa. Ukiwa huna ila simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo, utazame, kisha uongeze au upunguze nuru mpaka uso ufanane na mwenyewe. Ukuta ukipauka, uache upauke. Si ukuta uliokuja kupigwa picha.

Usidhani kwamba jambo hili ni dogo. Kariokor limepata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya vita vya mwaka 1914 hadi 1918. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikubali katika taarifa yake kwamba Waafrika wengi waliokufa hawakuandikwa majina yao mahali popote pa kumbukumbu. Hao hatuna uwezo wa kuwarudishia sura. Lakini walio hai wako mbele yetu: mama katika kitambulisho chake, mwanafunzi katika picha ya darasa lake, fundi katika gazeti. Mjukuu atakapoiuliza picha, "Babu yangu alikuwa nani?" haifai ajibiwe na doa jeusi chini ya mbingu iliyopimwa vyema.

Jifunze basi kuitawala kamera yako. Na yeyote atakayekuambia kwamba uso wako ni mgumu kupigwa picha, mwambie arudi akajifunze kazi yake.