Usiache spageti, tafuta hoteli inayojua kuipika

Mgonjwa wangu mmoja, mwalimu mstaafu ambaye ameishi na kisukari kwa miaka mingi, alinijia hivi majuzi na malalamiko ambayo hayakuhusu dawa. Binti yake, aliyeajiriwa hapa Nairobi, huwaalika wazazi wake kila mwisho wa mwezi katika hoteli ya Kiitaliano mtaani Westlands. Wengine huagiza spageti. Mzee huagiza kachumbari na chai isiyo na sukari, kisha hukaa akiwatazama.

"Daktari, mimi hukaa pale kama mtu aliyekuja matangani," aliniambia. "Mwezi ujao siendi."

"Ni nani aliyekukataza spageti, Mwalimu?"

"Si nyinyi madaktari?"

Alisema kweli. Sisi madaktari tuna mazoea ya kukataza. Foleni huwa ndefu nje ya mlango, na neno "usile" huchukua muda mfupi kuliko "kula hivi". Leo nataka kutoa maoni ambayo huenda baadhi ya wenzangu wakayapinga: mkazi wa jiji, hata mwenye kisukari, hana sababu ya kuiacha spageti. Anayo sababu kubwa ya kuchagua mahali anapoilia.

Spageti halisi hutengenezwa kwa ngano ngumu, ambayo si ile ya chapati na mandazi. Katika unga wake protini hujisuka kama wavu na kuufunga wanga ndani. Tambi ikichemshwa kwa kiasi, wavu huo hubaki imara, chakula husagika polepole tumboni, na sukari hupanda damuni kidogo kidogo. Mkate mweupe nao ni wa ngano, lakini hauna wavu kama huo. Wataalamu wanayo kadiri ya kulinganisha vyakula kwa jinsi vinavyopandisha sukari, ambapo glukosi hupewa 100. Mkate mweupe hukaribia 75. Spageti hukaribia 50. Lakini ichemshe mpaka ilegee, na sehemu ya faida hiyo humwagika pamoja na maji.

Waitaliano husema tambi iive "al dente", yaani meno yapate kazi kidogo ya kufanya. Wao walitaka utamu tu, hawakuwa wakifikiria kisukari. Basi hapa ulimi na kongosho vimekubaliana, jambo ambalo silioni mara nyingi katika kazi yangu.

Utaijuaje hoteli nzuri? Tazama saa yako. Spageti ya pakiti huhitaji dakika 8 hadi 12 hivi katika maji yanayotokota. Sahani ikikufikia baada ya dakika tatu, fahamu kwamba tambi zile zilichemshwa mapema, zikawekwa kando, kisha zikatumbukizwa katika maji moto na kumwagiwa mchuzi. (Tambi mbichi za mayai huiva upesi, lakini hoteli inayojitengenezea haikosi kujigamba kwenye menyu.) Wakati mmoja, katika hoteli ambayo sitaitaja, nilimuuliza weita spageti yangu ilichemshwa saa ngapi. Akanijibu kwa fahari, "Hii ni ya leo asubuhi, mzee. Ile ya jana imekwisha." Nililipa chai nikaondoka.

Msomaji asidhani hayo ni maringo ya daktari. Kuna bakteria iitwayo Bacillus cereus ambayo mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali au tambi zikiachwa mezani kwa saa nyingi bila kutiwa katika friji, mbegu hizo huamka, huzaana, na kuacha sumu ambayo haiondolewi kwa kupasha chakula moto tena. Aghalabu mtu hutapika na kupona. Lakini mjini Brussels, mwaka wa 2008, mwanafunzi mwenye umri wa miaka 20 alikufa usiku uleule baada ya kula spageti iliyokuwa imekaa jikoni siku tano bila friji. Kwa hivyo muulize weita. Hoteli inayojua kazi yake haikasirishwi na swali hilo.

Wako wanaodhani kwamba tambi nzuri ni za matajiri wa Westlands, Gigiri na Karen. Hao hawajafika Eastleigh. Waitaliano waliitawala sehemu kubwa ya Somalia, na hata baada ya kushindwa vitani mwaka wa 1941 walirejea kuisimamia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa kuanzia 1950 hadi 1960. Walipoondoka waliacha baasto, na Wasomali wakaifanya chakula chao, kwa mchuzi wa nyama wenye bizari, ndimu na ndizi mbivu kandoni. Mtu asiyeizoea hushangaa kuiona ndizi ile. Mimi huila na kuomba nyingine, ingawa huwashauri wenye kisukari waiache. Kasoro ya baasto ni wingi wake: sahani moja yatosha watu wawili, na mara nyingine watatu. Aidha jikoni kwingine huichemsha ikalainika mno. Omba mapema ibaki ngumu kidogo, na mgawane.

Mchuzi ndio unaoharibu mambo katika hoteli za bei ghali. Hapa kwetu carbonara huja ikielea katika krimu, ilhali Waroma huipika kwa mayai, jibini na mafuta ya shavu la nguruwe, bila krimu hata tone. Kwa wale wasiokula nguruwe, na kwa yeyote mwenye shinikizo la damu, afadhali ile ya nyanya, au ya kitunguu saumu, pilipili na mafuta ya zeituni. Jibini ya kunyunyizia iagize iletwe kando. Ina chumvi nyingi, na Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kijiko kimoja cha chai tu. Mpishi aliyetia chumvi ya kutosha katika maji na mchuzi amekwisha kukupa sehemu nzuri ya kijiko hicho.

Hayo ndiyo niliyomweleza Mwalimu, nikaongeza kwamba aanze na kachumbari yake, ale nusu sahani na nyingine ampe mjukuu, kisha apime sukari saa mbili baadaye. Yeye hutumia tembe. Anayejidunga insulini azungumze kwanza na daktari wake kuhusu kipimo cha dawa.

Alirudi na daftari lake: 12.4. Sikufurahi. Nilimtaka anitajie kila kitu kilichokuwa mezani, na baada ya kuzungushana kidogo akakumbuka mkate wa kitunguu saumu, vipande vinne, ambao hoteli ile huleta bure mtu akisubiri.

"Kwani na huo ni spageti, daktari?"

Mwezi uliofuata mkate ulirudishwa jikoni, na daftari likaonyesha 9.1. Sasa Mwalimu analalamika kuhusu bei, na kwa hilo sina dawa, ila nimemchorea njia ya kwenda Eastleigh.