King Kaka Ametutukana, Lakini Pesa Yetu Iko Wapi?

"Wajinga Nyinyi" ya rapa King Kaka ilipotoka Desemba 2019, sisi wa Nyeri tulikuwa katikati ya msimu wa kahawa. Tuliisikiliza kwenye simu pale kiwandani, kahawa imemwagwa juu ya magunia, mikono ikitenga mbivu na mbichi kabla ya zamu ya mizani. Ilituuma.

Si wimbo wa kuchezea. Kaka hakimbizani na mdundo, anaongea tu, kama mtu anayekusomea madeni yako mbele ya watoto wako. Anauliza pesa za umma zinaishia wapi, halafu anatugeukia wapiga kura: viongozi wanaiba, nanyi mnawarudisha kwa vijisenti vya kampeni. Hapo hatuna la kumjibu. Kila uchaguzi tunaiona noti ya mia mbili iliyokunjwa ikipita kiganja kwa kiganja pale steji ya Karatina, na pakiti ya unga juu yake.

Moto wenyewe ulifika kwa jirani zetu wa Kirinyaga. Gavana Anne Waiguru, kupitia mawakili wake, alimtaka msanii aombe radhi, akisema wimbo umemchafulia jina. Watu walikuwa hawajasahau sakata ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) ya 2015, ile ya shilingi milioni 791, iliyozuka yeye akiwa Waziri wa Ugatuzi. Haki ni haki: alikana tangu mwanzo, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Ila ugomvi ukahamia kwenye jina la mtu mmoja, na swali la pesa likabaki limening'inia.

Nasi tuna letu la kuongeza. Tunaitwa wajinga kwa kuuza kura. Basi na aje mtu aone jinsi mkulima anavyofikishwa mahali mia mbili ikawa pesa. Kahawa unaipeleka Novemba. Malipo yenyewe unayangoja miezi na miezi, na karo ya Januari haimngoji mtu. Humo katikati inapita kwa chama, kwa msagaji, kwa dalali, hadi mnada wa Nairobi, na kila inapopita inakatwa. Mbolea uliyokopa inakatwa. Usafiri unakatwa. Kuna makato mengine yameandikwa kwa vifupisho ambavyo hata karani anapoulizwa anaangalia pembeni. Hatimaye unapewa karatasi ndogo yenye jina lako na kiasi ambacho hukukubaliana na mtu yeyote. Wenzetu wa chai kule Othaya hali ni ile ile: bonasi ya mwaka huo huo wa 2019 ilishuka, wakaambiwa ni soko la dunia, wakarudi shambani kuchuma.

Vijana wetu wamechoka kuliko sisi. Muswada wa Fedha wa 2024 ulipoletwa ukiwa na kodi ya asilimia 16 kwenye mkate, waliingia barabarani Nyeri, Karatina na Nanyuki, huku ambako tulizoea kuambiwa serikali ni yetu na tunyamaze. Juni 26 Rais akasema hatautia sahihi. Wengi wa vijana hao walikuwa bado shuleni Kaka alipoutoa wimbo wake. Hawakungoja mgombea awape nauli.

Kwa hiyo tunamwomba Kaka, na wasanii wote wenye sauti, watunge na ule wa makato. Wapande huku mwezi wa Novemba, wasimame nasi kwenye mizani, waisome ile karatasi mstari kwa mstari. Na kwa wanaojiandaa kuja kutuomba kura Agosti 2027: tunataka hesabu ibandikwe ukutani pa kila kiwanda, nani anakata, kiasi gani, na kwa idhini ya nani. Asiyekuja na hesabu hiyo asije na noti.