Wameweka Riwaya Ukutani, Sisi Je?

Kuna msemo umezagaa mjini: kwa Mchina kajifunze mashine, mengine mwachie mwenyewe. Nimeusikia Kariakoo, nimeusikia kwa mjomba wangu, na hata kwenye kikao chetu cha waandishi chipukizi mshikaji mmoja aliurudia huku amekunja nne kama mheshimiwa. Mimi naukataa.

Mwaka jana tulikuwa Guangzhou, familia nzima: Mama na mzigo wake wa mabegi ya shule, Mjomba, mdogo wangu na mimi mbebaji. Siku ya mwisho mdogo wangu aking'ang'ania tukaone hekalu la mababu wa ukoo wa Chen. Mjomba akaja juu: "Hatukupanda ndege kuja kuangalia masanamu!" Mama akamwambia, "Kaka, mwache mtoto aone. Mzigo si umeshafungwa?" Tukaenda.

Ndugu msomaji, lile paa! Tuta lake lote, toka pembe hadi pembe, limejaa watu wa udongo wa kuchoma kutoka Shiwan, wamepakwa rangi, wanapigana, wanaoana, wanapeana siri. Ni wahusika wa hadithi na michezo ya jukwaani. Ukishusha macho ukutani, matofali nayo yamechongwa: wale majambazi 108 wa riwaya ya kale iitwayo Shuihu Zhuan, waliowakimbia maafisa wala rushwa wakajikusanya mlima Liang. Sasa sikia utamu wake. Nyumba hii ilijengwa kuanzia 1888 hadi 1894 kwa michango ya akina Chen wa wilaya 72 za Guangdong, na vijana wa ukoo waliokuja mjini kufanya mitihani ya kuingia serikalini walifikia humo. Yaani kijana anakwenda kuomba kazi kwa mfalme, na mlangoni anapita chini ya waasi!

Mjomba akatikisa kichwa. "Pesa yote hii wangejenga kiwanda."

Shikamoo yako iko palepale, Mjomba, lakini hapo nakupinga. Ile mitihani ilifutwa 1905, miaka kumi na moja tu baada ya jengo kukamilika. Waliofaulu na waliofeli wote wamekwisha. Kilichobaki, na kinachofanya watu wakate tiketi mpaka leo, ni kazi ya wafinyanzi na wachonga matofali. (Mimi niliyeishia kidato cha nne niliipenda sana hesabu hiyo.) Na kwa wale wanaoogopa masanamu: tangu 1959 pale ni makumbusho ya sanaa za jadi. Hakuna aliyetushika mkono tukasujudu. Kuangalia si kuabudu, jamani.

Najua utaniambia, na sisi tuna milango ya Zanzibar na Lamu. Tunayo, kweli, ile ambayo haijang'olewa ikauzwa. Tena nitakuongezea silaha: Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyetunga utenzi wa Liyongo mwaka 1913, alikuwa pia mchonga mbao. Kalamu na patasi katika mkono mmoja! Basi nani alituambia kwamba mwandishi ni mtu wa karatasi tu, na fundi ni mtu wa vumbi asiye na hadithi? Vijana wenzangu tunalia kwamba vitabu havinunuliwi, wachapishaji wana longolongo, Waswahili hawasomi. Sawa. Lakini ni mwandishi gani kati yetu ameshawahi kukaa na seremala akamsimulia kisa, amwambie, "Bwana, hiki kiweke kwenye kabati la watu"? Tunasubiri msomaji aje dukani. Akina Chen walimwekea riwaya mahali ambapo hata asiyejua kusoma angeinua shingo.

Mimi nimezunguka Kariakoo nikitafuta ukuta mmoja wenye Liyongo au Abunuwasi. Nimeona kampuni za simu na soda.

Asubuhi ya siku ileile Mjomba alikuwa ameagiza milango minne ya chuma kwa nyumba yake mpya ya Mbagala. Imeshafika, imeshafungwa, na yote minne ina ua lilelile moja lililopigwa na mashine. Ndiyo yale mafunzo ya mashine. Mtaa mzima una ua hilo, mgeni akipotea hawezi kuelekezwa kwa mlango.

Nimekwenda Keko kwa fundi mmoja wa samani. Nimemtaka anichongee Liyongo gerezani, kijakazi Saada akimletea mkate wenye tupa ndani, kwenye ubao wa futi tatu. Aliniuliza maswali mengi kuhusu huo mkate: ulikuwa mkubwa kiasi gani, na walinzi hawakuukata? Hakuna mhariri aliyewahi kuniuliza hivyo. Bei aliyotaja ni kali, na bado tunavutana.