Kwenu hasa ni wapi?

Kwenye kibanda cha wakala wa fedha mjini Mpanda, mama mmoja mbele yangu alikuja kutoa hela aliyotumiwa na mwanawe. Kitambulisho cha taifa alikihifadhi kwenye rambo lililofungwa mafundo mawili. Kijana wa kibanda akanakili namba, kisha akamtazama.

"Mama unatokea wapi?"

"Litapunga."

"Hapana, kwenu hasa."

"Litapunga, baba."

Kijana akacheka. "Aaa, Mrundi wa Katumba!"

Hakumtukana, wala mama hakukasirika. Ila nilimwona akilifunga rambo lake upya, taratibu, kama mtu aliyezoea. Nawaomba wenzangu wa Katavi, pamoja na nyie mnaokuja kwetu kununua mahindi na maharage: swali la kwanza ulizeni, la pili tuliache.

Historia yenyewe tunaijua nusunusu. Mwaka 1972 watu walikimbia mauaji Burundi, na serikali ya Mwalimu Nyerere ikawapa ardhi Katumba na Ulyankulu. Mishamo ikafuata mwaka 1978. Walipewa pori, wakalifyeka. Zaidi ya miaka thelathini baadaye wakaulizwa: kurudi, au uraia wa Tanzania? Zaidi ya 162,000 walikubaliwa mwaka 2010, lakini vyeti vilianza kutolewa 2014 tu, maana awali walitakiwa wahame wakatawanyike mikoa mingine, mpango ambao baadaye uliachwa. Hebu pata picha: umeshaukana uraia wa Burundi, na cheti cha huku hujakishika. Miaka minne. Leo mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 1975 ana wajukuu, na bado tunamwita mkimbizi.

Wengine husema, "Tunawajua kwa lafudhi." Lafudhi ipi? Kirundi na Kiha vinasikilizana, na Muha wa Kasulu, ambaye babu yake hakuwahi kuvuka mpaka, naye akifika stendi yetu huitwa Mrundi. Sikio letu si Idara ya Uhamiaji.

Simwambii mtu aifiche Burundi. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti wake miaka ya 1980, aliwakuta watu wa Mishamo wakilishika jina la ukimbizi kwa fahari, huku wenzao wa Kigoma mjini wakijiita Waha au jina lolote litakalopunguza maswali. Mtu akijisemea mwenyewe kwamba bibi yake alitoka Burundi, hiyo ni hadithi ya ukoo wake, tumsikilize. Tukimbandika sisi mbele ya foleni, ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji, unapoandika barua ya utambulisho, andika kijiji na kitongoji, inatosha. Mwalimu, usimnyooshee mtoto kidole unapofundisha somo la wakimbizi. Na tukisikia "raia wa karatasi" kwenye kahawa, tusicheke ili tu kumridhisha msemaji. Karatasi hiyo ni ya Jamhuri ya Muungano.

Mama alihesabu noti zake mara mbili, akazisokomeza kwenye khanga, halafu akamgeukia kijana kwa sauti ya upole kabisa.

"Na wewe mwanangu, unatokea wapi?"

"Mimi? Mimi wa hapahapa Mpanda. Nimekuja juzijuzi tu, kutoka Maswa."

"Karibu sana," mama akamwambia.