Mcheza Sinema na Picha ya Mzinga



Barua iliyonifikia kutoka Chekereni, kule kwenye tambarare ya mpunga chini ya mji wa Moshi, imenifanya niyaweke kando mambo niliyokuwa nimeyaandaa kwa Jumapili hii. Mwandishi wake ni mama. Binti yake ni mwigizaji katika kikundi cha michezo ya kuigiza cha hapo kijijini, naye alipendwa na wakubwa kwa wadogo mpaka siku aliposimama katika mkutano wa hadhara akasema kwamba maji ya mfereji hayagawanywi kwa haki. Tangu hapo wapo waliosusa kwenda kumtazama. Wengine hucheka na kusema kwamba hata pale mkutanoni alikuwa akiigiza. Mama anauliza: je, amkataze asiseme tena?

Hapana shaka binti huyu hakuzua jambo. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa fedha na utaalamu wa Japani, na Chekereni ilikuwa miongoni mwa vijiji vilivyotarajia kunufaika. Lakini mpunga ulipoonekana kuwa na faida, wakulima walio juu ya mto Rau nao waliulima kwa wingi, na aliye mwisho wa mfereji ndiye aonaye tope likikauka kwanza.

Kisa chake kimenikumbusha mwanamke mwingine, aliye mbali nasi kabisa, ambaye naye safari yake ilihusu maji na mpunga. Jane Fonda, mcheza sinema wa Marekani, alipata tuzo ya Oscar mwezi Aprili 1972. Mwezi Julai mwaka huo huo alikwenda Hanoi, mji mkuu wa adui wa nchi yake, vita vya Vietnam vikiwa bado vinapiganwa. Alitaka kuuonyesha ulimwengu jinsi mabomu yalivyobomoa matuta yanayozuia mito isifurike mashambani. Mkulima wa Chekereni hahitaji mkalimani ili kulielewa jambo hilo: tuta likivunjika, ni njaa.

Lakini ni nani leo anayeyakumbuka matuta? Kinachokumbukwa ni picha. Siku moja mwenyeji wake alimpeleka kwenye mzinga wa kutungulia ndege, akaketi juu yake huku akicheka na kupiga makofi, na wapiga picha wakafanya kazi yao. Mzinga ule ulikuwa wa kuwaangusha vijana wa nchi yake mwenyewe. Alisema pia katika Redio Hanoi mara kadhaa, akiwaomba marubani wafikirie wanachokifanya. Baada ya wafungwa wa kivita kurudi nyumbani mwaka 1973 na kueleza mateso yao, yeye aliwaita waongo. Na hapo, kwa maoni yangu, alikosea vibaya kuliko hata pale mzingani, kwani pale alichukuliwa na furaha ya ugeni, bali maneno haya aliyasema kwa hiari yake.

Wamarekani wengi walikwisha kuichoka vita ile, tena wengi walikubaliana naye kwamba ikomeshwe. Hata hivyo hawakumsamehe. Walimbandika jina la "Hanoi Jane", na juu ya kosa la kweli wakaongeza la uongo: kwamba wafungwa walimpa kwa siri vikaratasi vyenye namba zao, naye akawakabidhi walinzi, na watu wakauawa kwa kipigo. Wafungwa waliotajwa katika hadithi hiyo wameikana wenyewe, lakini ingali inasimuliwa. Mwaka 1979 alipata Oscar ya pili kwa filamu iliyohusu askari aliyerudi vitani akiwa amepooza. Mwaka 1988 aliketi uso kwa uso na askari wa zamani, na mwaka huo huo akawaomba radhi katika televisheni wao na jamaa zao. Aliomba radhi kwa ajili ya picha. Kuipinga vita hakukujutia. Mimi naona alipambanua vyema.

Mama, nisingemkataza binti yako. Ningemwuliza tu ni nani aliyemwalika kusimama pale, na ni nani aliyekuwa ameketi kando yake alipokuwa akisema. Ikiwa wapo wenye ugomvi wao wa mashamba wanaotaka kumpandisha juu ya trekta lao ili watu walione, hapo ndipo pa kumshika mkono. Na wale wanaosema alikuwa akiigiza, waulizwe maji yalifika au hayakufika.

Tena asidhani kwamba msanii hana nafasi katika mambo ya umma. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, mjini Dar es Salaam, kabla ya kuwaongoza wanawake wa TANU tangu mwaka 1955. Wanangoma wenzake ndio waliomwitikia kwanza, kwa kuwa sauti yake walikwisha kuizoea. Lakini mapenzi ya watu hayakumlinda daima: mwaka 1965 alishindwa katika uchaguzi wa ubunge Rufiji, mwaka 1969 alikamatwa kwa shtaka la uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiliwa. Miaka mingi ikapita bila jina lake kutajwa sana. Mwaka 1991, nchi ilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama lilimtaja tena kuwa shujaa. Alifariki mwezi Novemba 2000, na leo barabara kubwa jijini Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Sijui ni wangapi kati ya wapitao pale wajuao kwamba alianza kwa kuimba ngoma.