Kabla ya kuiamini breki inayojifunga yenyewe

Umeona gari la mtumba kutoka Japani, ukaambiwa breki zinajifunga zenyewe, basi ajali utazisikia redioni tu. Hebu tulia kwanza.

Tesla hujigamba kwamba magari yake, Autopilot ikiwashwa, hupata ajali chache kwa kila maili kuliko wastani wa Marekani. Sawa. Ila Autopilot hutumika zaidi kwenye barabara kuu, na wastani huo umebeba vichochoro na magari makuukuu pia. Ni kama kumlinganisha dereva wa Kakamega-Webuye alfajiri, barabara tupu, na mwenzake anayepenya katikati ya bodaboda mjini siku ya soko. Nani atagonga?

Tena dereva akinyakua usukani dakika ya mwisho, sifa anapewa nani? Mtambo!

Muulize muuzaji: breki hizo zinamwona bodaboda asiye na taa?