Programu Yako ni Thwake ama ni Bwawa la Mchanga?

Msee wangu unayeunda programu pale Wote ama Kitui mjini, kuna swali litakukula ganji usipolijibu mapema. Upange kila kitu mwanzo mwisho ndio uanze kazi, ama utoe kidogo kidogo ukirekebisha?

Jibu liko hapo kwenu. Cheki Bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa 2018. Ukuta wa mita 80.5, maji ya mita za ujazo milioni 688. Huwezi kujenga robo ya ukuta uone kama watu wataupenda. Hesabu ya msingi ikienda mrama, wanaoishi upande wa chini wa mto ndio watalipa. Kupanga hapo ni lazima, lakini bei yake unaijua: tarehe zikisogezwa, mama bado anabeba mtungi.

Sasa cheki mabwawa ya mchanga. Kikundi cha mwethya kinajenga ukuta mfupi kwa mto wa msimu. Mafuriko yanaleta mchanga, maji yanajificha ndani jua lisiyafikie. Mvua ikipita mnaona kama ukuta umeshika, kisha mnahamia sehemu nyingine na somo mkononi.

M-Pesa ilienda hivyo. Majaribio ya 2005 yalikuwa ya watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Watu wakaanza kutumiana doo. Safaricom wakasoma hiyo dalili, na 2007 huduma ikazinduliwa kama ya kutuma pesa.

Lakini usiruke na furaha bado. Uchaguzi wa 2013, mitambo ya IEBC ya kutuma matokeo ilifeli, ikabidi hesabu irudi kwa karatasi. Siku ya kura haina "tutarekebisha wiki ijayo."

Na hata bwawa dogo la mchanga lazima likae juu ya mwamba, la sivyo maji yanapita chini na mmechoka bure. Kwa programu, mwamba ni pesa za watu, siri zao, na jinsi unavyohifadhi rekodi. Hayo panga kabisa kabla ya kugusa kompyuta. Rangi, vitufe, ripoti za chama? Toa wiki hii, sikiliza, badilisha.

Kwa hivyo kabla hujashika deposit ya mteja, jiulize: nikigundua kosa hili mwezi ujao, nitalimaliza kwa jioni moja ama nitabomoa ukuta?